Kipimo cha Inchi Moja na Robo

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama huko Mwaya



Tulipoombwa kusema machache juu ya ufugaji wa nyuki bustanini, tulijua kwamba wengi waliomo humu ni wakulima wa kakao na mpunga, nao huenda wakatuona kama watu waliokuja na mchezo. Hatuna neno. Mzinga mmoja kando ya migomba haushindani na kakao, wala hatusemi hivyo. Tena yatupasa kusema kweli: ua la kakao halichavushwi na nyuki, bali na usubi, vidudu vidogo mno wazaliwao katika majani na maganda yaozayo. Anayewauzia watu mizinga kwa kuwaahidi kakao nyingi awadanganya. Nyuki hutupa asali na nta, na katika bustani huyasaidia maboga na matango kuzaa.

Tulilojia leo ni vyombo. Baadhi ya wenzetu husema kwamba haifai kuanza mpaka Chama kitukopeshe fedha za kununua mizinga ya kiwandani. Sisi twaona sivyo. Mzinga wa fremu uliotokana na kazi ya Bwana Langstroth wa Marekani mwaka 1851 ni chombo chema, lakini wataka mbao zilizonyooka na fundi mwenye mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada walieneza mzinga ulio rahisi zaidi: sanduku lenye mbavu zilizolala mshazari, na juu yake vipande vya mbao vilivyopangwa bega kwa bega, ambavyo hapa tutaviita viunzi. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kiunzi, na mfugaji hulitoa moja moja bila kuyavunja mengine.

Sanduku lenyewe silo shida. Wazee wetu walijenga nyumba za mianzi ambazo wageni walizistaajabia. Mtu ajuaye kusuka ukuta wa mianzi hashindwi kusuka mzinga. Sisi tumeusuka, tukaukandika udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, tukaufunika kwa bati kuukuu. Hutundikwa kwa nyaya mbili, kimo cha kiuno, na nyaya hupakwa grisi ili siafu wasipite. Kwa jinsi hiyo hata mama aweza kuufungua bila kupanda mti, na maji ya masika hayaufikii.

Shida iko kwenye viunzi. Upana wa kila kiunzi sharti uwe inchi moja na robo, yaani milimita 32, kwa kuwa ndiyo nafasi ya sega moja la nyuki wetu pamoja na njia yao ya kupita. Nyuki wa Ulaya ni wakubwa kidogo, nao hupewa milimita 35. Basi msiige vipimo vya vitabu vya huko.

Tumeyajua hayo kwa hasara. Viunzi vya mzinga wetu wa kwanza tulivikata kwa kukisia, vingine inchi moja na nusu, vingine vyembamba. Kwa nje ulipendeza, hata majirani walikuja kuutazama. Nyuki waliingia wenyewe, nasi tukafurahi. Miezi michache baadaye tukaenda jioni kuufungua. Kiunzi cha kwanza kilitoka vizuri. Cha pili kikakataa. Masega yalikuwa yamejengwa mshazari, sega moja likishika viunzi vitatu. Tulipolazimisha yakakatika, asali ikamwagikia majana, na kabla ya kupambazuka siafu walikwisha kufika. Siku ya tatu mzinga ulikuwa mtupu. Hapakuwa na wa kumlaumu ila sisi wenyewe.

Vyombo vilivyosalia havina ukali huo. Bomba la moshi hutengenezwa kwa kopo la maziwa ya unga na mpira wa ndani wa gurudumu. Pumba za mpunga, ambazo hapa kwetu hazina bei, hutoa moshi wa kutosha, mradi juu yake uweke majani mabichi ili cheche zisiruke. Kofia ya milala hushonewa wavu mweusi, maana mweupe humtia mtu kiwi. Lakini chandarua chenye dawa ya mbu msikikate: dawa ile huua nyuki, na mahali pake ni kitandani penye watoto.

Twasisitiza jambo la asali yenyewe. Nchi yetu ina unyevu mwingi. Sega ambalo nyuki hawajaliziba kwa nta lina asali ya maji, na kanuni za kimataifa za chakula haziruhusu maji kupita sehemu 20 katika 100. Mwanachama mmoja akiimimina asali mbichi katika pipa la wote, pipa zima litachacha. Atakayeileta katika dumu lililokuwa na dawa ya kunyunyizia mimea, huyo atatuletea ugonjwa.

Bwana Mwenyekiti, hatuombi mkopo. Twaomba Chama kiweke kipimo kimoja cha chuma ofisini, kando ya mzani, ili viunzi vya wanachama wote viwe inchi moja na robo kwa upana na inchi 19 kwa urefu. Hapo mzinga wa mtu ukidhoofika, jirani ataweza kumpa sega la majana, nalo litaingia bila kukatwa. Mkulima wa kakao ajua maana ya mzani mmoja kwa watu wote.

Kwa sasa tumekuja na kipimo cha mti mgumu; kipo mezani hapo mbele pamoja na kipande cha mkaa. Atakaye na alete ubao wake achore kabla hatujaondoka.