Mtu wa Chini ya Goli

Msikilizaji, nimesoma matokeo ya mpira wa kikapu redioni kwa miaka mingi, na leo nakiri kosa. Nilikuwa nataja timu iliyoshinda, pointi, kisha jina la aliyefunga nyingi. Basi. Yule bwana mrefu aliyekaa chini ya goli jioni nzima, akisukumwa na kukanyagwa, akiwafukuza washambuliaji kama mwenye shamba anavyofukuza ngedere, sikumtaja. Kwenye karatasi niliyoletewa hakuwemo.

Leo namtaja mmoja wa Marekani: Nate Thurmond.

Alizaliwa mwaka 1941 Akron, jimbo la Ohio, akaingia NBA mwaka 1963 kwa timu ya San Francisco Warriors. Bahati yake mbaya ni kwamba senta wa timu hiyo alikuwa Wilt Chamberlain. Hebu fikiria, unaripoti kazini siku ya kwanza, unakuta kiti chako amekalia Wilt! Ikabidi asubiri. Wilt alipouzwa Philadelphia, Januari 1965, nafasi ikawa yake. Novemba mwaka huohuo, dhidi ya Detroit, alidaka ribaundi 42 katika mchezo mmoja. Msimu wa 1967-68 alikuwa na wastani wa pointi zaidi ya 20 na ribaundi zaidi ya 20 kwa kila mchezo. Waliowahi kufikia hapo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa kuzuia. Kareem Abdul-Jabbar, aliyestaafu mwaka 1989 akiwa na pointi 38,387, alikiri kwamba Thurmond alimbana kuliko wengine. Sasa msikilizaji, sikia hili. NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973-74. Thurmond alikuwa ameshacheza misimu 10! Mipira yote aliyoipiga makofi katika misimu hiyo haimo kitabuni. Wanaoongoza orodha leo ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria, 3,830, na marehemu Dikembe Mutombo wa Kongo, 3,289. Sisemi Thurmond angewapita. Hakuna awezaye kusema, na hapo ndipo panaponiuma.

Na mara baada ya hesabu kuanza, tazama. Oktoba 18, 1974, akiwa na miaka 33, siku yake ya kwanza katika jezi ya Chicago Bulls, waliicheza Atlanta. Alifunga pointi 22, akadaka ribaundi 14, akatoa pasi 13 za kufungia na kuzuia mitupo 12. Alikuwa wa kwanza katika kumbukumbu rasmi za NBA kufikisha tarakimu mbili katika mambo manne mchezo mmoja. Tangu hapo wamefanya hivyo watu watatu tu: Alvin Robertson, Olajuwon na David Robinson.

Mbona basi hatajwi? Hakuwahi kutwaa ubingwa. Warriors walimuuza baada ya misimu 11, na msimu uliofuata, mwaka 1975, wakawa mabingwa. Njiani waliitoa Chicago, timu yake mpya, kwa michezo 7. Maskini! Alistaafu mwaka 1977 na baadaye akafungua mgahawa wa nyama ya kuchoma San Francisco. Alifariki mwaka 2016.

Sisi nasi tulishangilia mwaka 2009, senta wetu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Sifa iliyompeleka huko ilikuwa kuzuia mitupo, na Connecticut walikuwa wakiiandika mmoja mmoja.

Mwezi uliopita nilikwenda kutazama mchezo wa ligi. Mezani alikaa kijana mwandishi wa matokeo, karatasi yake ina safu ya pointi na safu ya faulo. Nikamwuliza, waliozuia unawaandika wapi? Akasema, "Mzee, hapa hakuna nafasi." Nikamwomba achore mstari pembeni. Akanitazama kama mtu aliyechoka, lakini akachora. Hadi mapumziko, senta wa jezi nyeusi, ambaye alikuwa amefunga pointi 4 tu, alikuwa na alama 6 katika mstari ule. Usiku niliposoma matokeo, nilianza na jina lake.