Kuwasha Moto Kuni Zikiwa Zimelowa

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya akina mama na vijana)

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya moto. Mtu atacheka aseme, "Moto? Nani hapa hajui kuwasha moto?" Sisi pia tulidhani hivyo mpaka Aprili 2024.

Mnaikumbuka mvua ile. Mito ilivunja kingo sehemu nyingi za Kenya na watu wakahama nyumba zao. Tulikuwa katika shule moja ambako familia zilikuwa zimekimbilia, zimebeba blanketi na sufuria tu. Maji ya kisima yalikuwa yameingiliwa na maji ya vyoo, kwa hivyo hakuna aliyepaswa kunywa bila kuchemsha, na watoto wawili walikuwa wameanza kuhara. Kuni zilikuwepo, tena nyingi, lakini zote zilikuwa zimenyeshewa. Tulimaliza karibu kibiriti kizima tukapata moshi mtupu. Kisha kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, akachukua kikombe cha mafuta ya taa akamwagia pale palipokuwa pakifuka. Moto uliruka ukamshika mkono. Tuliuweka mkono ule kwenye maji baridi kwa dakika 20, na tukamzuia mtu aliyekuja mbio na dawa ya meno. Jamani, mafuta ya taa hayamwagwi juu ya kaa lenye uhai. Hata kidogo.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mzee. Hakupuliza kitu. Aliomba panga. Kuni zilizolala chini hakuzigusa. Alitafuta tawi lililokauka likiwa bado juu ya mti, akalipasua katikati. Nje lilikuwa limelowa chepechepe, ndani kavu! Mvua hulowesha ngozi ya mti, lakini moyo wake huchelewa kulowa. (Kuni mbichi ni jambo lingine. Hizo zina maji yake zenyewe, ukizipasua hupati kitu.)

Kutoka kwenye ule moyo mkavu akachonga vijiti vyembamba kama njiti za kibiriti, halafu vingine kama penseli, halafu vya unene wa kidole gumba, kila aina na fungu lake. Kijiti kimoja alikikwangua kwa kisu bila kukikata, mpaka kikaota manyoya. Ardhi ilikuwa matope, basi akapanga vijiti vinene chini kama mkeka, kwa sababu udongo uliolowa huiba joto la moto. Wawili wetu tulishika turubai juu, mbali na ndimi za moto. Akauliza kama kuna kipande cha mshumaa. Kilipatikana, akakiwasha, akakizungushia vile vijiti vyembamba huku akiacha nafasi ya hewa kupita.

Kuandaa kulichukua karibu nusu saa. Kuwasha, njiti moja.

Sababu yake ni hii. Kuni iliyolowa haiwezi kushika mpaka maji yake yageuke mvuke, na kazi hiyo inakula joto jingi. Moto mchanga ukiutupia gogo lililolowa, nguvu zake zote zinaishia kukausha, basi unakufa. Lakini kijiti chembamba kina maji kidogo, kinakauka upesi na kushika. Ndiyo maana tunaanza na vidogo, na hatuongezi vinene mpaka moto usimame. Kuni zinazosubiri tunaziegemeza kando ya moto zikauke.

Kama hakuna mshumaa, kipande cha mpira wa baiskeli huwaka hata kikiwa kimelowa. Kitumieni nje tu, na sufuria isitelekwe mpaka ule moshi mweusi uishe. Wanaoishi nyanda za juu wana mtarakwa; gome lake kavu ukilisugua mikononi linakuwa kama nyuzi na hushika cheche vizuri. Magunzi ya mahindi yaliyowekwa darini ni mazuri pia. Mawe ya mafiga msiyatoe mtoni, kwa maana yaliyonywa maji yanaweza kupasuka yakipata joto na kuumiza watu.

Kuna jambo moja tunaloliogopa kuliko mafuta ya taa. Baridi ya mvua ikizidi, mtu huingiza jiko la makaa ndani ya hema au chumba, anafunga mlango, analala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima inaweza isiamke. Jiko likae nje, hata kama makaa yanaonekana kuwa yameisha.

Maji yale tuliyachemsha. Yakianza kutokota kwa nguvu, hesabu dakika 1. Kwenu mlio juu ya mita 2,000, dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota yakiwa hayajapata moto sana. Kisha yafunikwe.

Sasa, mkutano ujao msituletee daftari peke yake. Kila kikundi kije na panga, kisu na sufuria ndogo. Kuni tutazimwagia ndoo ya maji sisi wenyewe mbele yenu, na kila kikundi kitapewa njiti 3. Majani ya chai na sukari tutaleta, lakini maziwa watapewa wale watakaotangulia kuchemsha.