Sumu Iliyohamishwa na Maji
Mazungumzo kwa wafanyakazi wa viwanda vya kahawa na maghala, Nyeri



Katika sehemu zetu za Mlima Kenya, kiwanda cha kahawa hujengwa kando ya mto, maana kahawa hutolewa maganda na kuoshwa kwa maji mengi. Kwa hiyo mto ukifurika, stoo ya dawa huwa hatarini mapema. Chania, Gura na Ragati zote huishia katika Tana. Mtungi uliochukuliwa na maji hapa Nyeri huenda ukaokotwa mbali na mtu asiyejua ulikuwa na nini.

Masika ya mwaka 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 katika Kenya. Maji yakiisha kupungua, vibarua huitwa kuondoa matope na kuokoa mali. Hapo ndipo hatari ya pili huanza.

Kwanza: chombo ambacho karatasi yake imebanduka kihesabiwe kuwa sumu. Usikifungue wala kukinusa upate kujua. Pipa lililovimba lina nguvu ndani. Usiligonge wala kulivingirisha. Ondokeni, wekeni alama, zuieni watoto na mifugo, kisha mwiteni msimamizi.

Pili: ziko dawa ambazo maji ndiyo huziamsha. Vidonge vya kufukiza nafaka, vyenye fosfidi ya alumini, vikilowa hutoa hewa inayoua. Ghala la mahindi lililoingiwa na maji lisiingiwe mpaka mwenye ujuzi na vifaa alipime. Kitambaa cha puani si kinga. Tena asidi ikichanganyika na dawa ya klorini ya kufanyia usafi, hutoka hewa ya kuunguza mapafu. Basi msikusanye vyote katika shimo moja, wala msivichome moto.

Tatu: mtungi wa dawa usipelekwe nyumbani. Najua mtungi mzuri ni mali, hasa bomba likivunjika na maji kuwa shida. Lakini plastiki hunywa dawa, na sabuni haiitoi yote. Atakayeyanywa maji hayo ni mtoto wako.

Dawa ikimwagikia mwenzenu, vueni nguo zake na kuosha ngozi kwa maji safi mengi, muda wa dakika 15 au zaidi. Macho vivyo hivyo. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Mpelekeni hospitali pamoja na jina la dawa kama lajulikana.

Sasa juu ya haki. Mtu atauliza: nikikataa kubeba, si nitafukuzwa? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema mfanyakazi aarifu hatari kubwa anayoiona, na asirudishwe mahali hapo mpaka imeondolewa. Mwajiri naye analazimika kutoa mavazi ya kukinga. Kibarua wa siku moja ana mapafu sawa na ya karani. Msikatae mmoja mmoja. Semeni pamoja, kwa adabu, na mwandike.

Kabla ya masika yajayo, kila kamati iombe mambo matatu: dawa ziwekwe juu ya mahali maji yalipofika, orodha yake ihifadhiwe nje ya stoo, na majina yaandikwe kwa rangi isiyofutika.

Wazee walisema ajali haina kinga. Hii ninayoisema inayo, nayo imo mikononi mwetu.