Kombe la CAF, 1992–2003: Mashindano Yaliyopokonywa Jina

Kila klabu ya Tanzania inapokaribia fainali ya Afrika, redioni na magazetini hurudi maelezo yaleyale: mwaka 1993 Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF, ambalo siku hizi ndilo Kombe la Shirikisho. Maelezo hayo ni mafupi na mepesi kushikika, ndiyo maana yamedumu. Jioni hii nakusudia kuonyesha kwamba si sahihi, na kwamba kosa lake halikomei kwenye jina. Kombe la CAF lilichezwa mara 12, likafutwa. Lilikuwa na mlango wake wa kuingilia, na bila kuutazama mlango huo hatuwezi kuupima uzito wa fainali walizofika SC Villa ya Uganda mwaka 1992 na Simba mwaka uliofuata.

Kabla ya hapo Afrika ilikuwa na mashindano mawili ya klabu. Klabu Bingwa, yaliyoanza 1964, yalikuwa ya mabingwa wa ligi. Kombe la Washindi, lililoanza 1975, lilikuwa la waliotwaa vikombe vya taifa. Aliyemaliza ligi akiwa wa pili, hata kama amezidiwa pointi moja tu, alibaki nyumbani. Kombe la CAF liliundwa kwa ajili yake. Kikombe chenyewe kilitolewa na Moshood Abiola, tajiri wa Nigeria, yuleyule ambaye uchaguzi wa urais aliokuwa akiongoza ulifutwa na wanajeshi Juni 1993; kwa hiyo mashabiki wengi walilijua kama Kombe la Abiola. Yalikuwa mashindano ya mtoano, nyumbani na ugenini, tangu raundi ya kwanza hadi fainali. Makundi hayakuwapo, wala hakuna aliyeingia katikati ya safari akitokea mashindano mengine.

Hapo ndipo linapozuka pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: mashindano ya washindi wa pili si ndiyo kombe la wanyonge? Orodha ya mabingwa inajibu. Kuanzia 1995 hadi 2003 kombe hilo halikutoka Afrika Kaskazini hata mara moja. Étoile du Sahel ya Tunisia ilicheza fainali nne, ikashinda mbili. Espérance ilitwaa mwaka 1997, JS Kabylie ya Algeria ikachukua mara tatu mfululizo kuanzia 2000, na Raja Casablanca ikalifunga pazia mwaka 2003. Hizo si klabu ndogo. Klabu Bingwa wakati ule, hata baada ya kugeuzwa Ligi ya Mabingwa mwaka 1997, kwa kawaida yaliingiza bingwa mmoja tu kwa kila nchi. Kigogo aliyeteleza kwao msimu mmoja hakuwa na pengine pa kwenda ila huku, kwa hiyo nafasi ya pili ya Tunis au Casablanca ilileta timu ambayo ingeweza kuwa bingwa wa nchi nyingine nyingi.

Simba ya 1993 ilipita humo. Ilizitoa, miongoni mwa nyingine, USM El Harrach ya Algeria na ASA ya Angola, ikaenda fainali na Stella ya Abidjan. Mchezo wa kwanza, kule Abidjan, uliisha kwa suluhu. Matokeo hayo yamekuwa yakisimuliwa kama kazi iliyokwisha nusu, nami naona hapo ndipo tunapoisoma fainali ile vibaya. Kwa sheria ya goli la ugenini, suluhu ya ugenini humwachia mwenyeji wa marudiano kazi ngumu: akifungwa bao moja tu, sare haimsaidii tena, anatakiwa afunge mawili. Dar es Salaam Stella ilipata bao, ikaongeza la pili, na kombe likaenda Ivory Coast. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyowapa Gor Mahia Kombe la Washindi mwaka 1987, baada ya sare ya 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi dhidi ya Espérance.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 2004 CAF iliunganisha Kombe la CAF na Kombe la Washindi kuwa Kombe la Shirikisho. Basi mtoto si anarithi historia ya wazazi? Angerithi kama mlango ungebaki uleule. Lakini mwaka huohuo nchi 12 zenye viwango vya juu ziliruhusiwa kuingiza klabu mbili Ligi ya Mabingwa, na washindi wa pili wao, ambao ndio walikuwa uti wa mgongo wa Kombe la CAF, wakahamia huko. Shirikisho likapewa kazi nyingine, ikiwamo kuwapokea wanaotolewa Ligi ya Mabingwa. Yanga ya 2023 ni mfano ulio wazi: ilitolewa na Al Hilal ya Omdurman katika Ligi ya Mabingwa, ikateremkia Shirikisho, ikaitoa Club Africain na kusonga hadi fainali, ambako USM Alger iliipita kwa goli la ugenini. Njia hiyo haikuwapo mwaka 1993. Simba iliyocheza fainali ya Shirikisho na RS Berkane mwaka 2025 nayo iliingia ikiwa ya tatu kwenye ligi, nafasi ambayo enzi za Kombe la CAF kwa kawaida isingeivusha mpaka wa nchi.

Sisemi hivi kuzishusha fainali za 2023 na 2025. Shirikisho lina makundi, lina michezo mingi zaidi, na kuifikia fainali ni kazi kubwa kwa kipimo chake. Ninachokataa ni kuzipanga fainali hizo tatu kwenye ngazi moja. Hata orodha ya mabingwa wa Shirikisho inaanzia 2004. Fainali ya 1993 ina jedwali lake lenye mistari 12, na Simba imo katika mstari wa pili, chini kidogo ya Villa.