Mamako Ajua Unalala Wapi?

(Mawaidha yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya futari)



Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu. Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya Dubai kwa kuwa niliishi huko tangu 2006 hadi 2012. Najua kati yenu wako ambao paspoti ziko tayari mfukoni, na wako wazazi ambao watoto wao wako Arabuni hivi sasa. Sikuja kumtia mtu hofu, wala sikuja kuipamba Dubai. Nimekuja kueleza nilivyoishi, na kosa moja nililolifanya, ili wewe usilirudie.

Tuanze na safari. Kutoka Nairobi ni kama saa tano angani, na ukifika unaisogeza saa yako mbele kwa saa moja. Jambo la kwanza lililonichanganya si majumba marefu, ni kibla. Sisi Mombasa tunaelekea kaskazini, maana Makka iko karibu sawasawa juu yetu kwenye ramani. Dubai kibla ni magharibi. Usiku wa kwanza nilitandika mswala wangu kaskazini kwa mazoea. Mwenzangu mmoja, Mpakistani, akanishika bega akanigeuza taratibu, bila kusema neno. Hapo ndipo nilipojua kweli niko ugenini.

Chumba chenyewe kilikuwa Naif, upande wa Deira. Mkisikia fulani ana nyumba Dubai, jueni wengi wetu hatukuwa na nyumba wala chumba. Tulikuwa na kitanda. Chumba kimoja watu wanane, vitanda vya juu na chini, choo kimoja, na zamu ya kuoga imebandikwa mlangoni. Kiarabu changu cha madrasa nilidhani kitanifaa, kumbe wenyeji ni wachache sana kuliko wageni. Dukani na mkahawani utasikia Kihindi, Kiurdu, Kimalayalam, na Kiingereza cha kubahatisha.

Kazi yangu ilikuwa kwenye duka la jumla la vifaa vya umeme karibu na Khor, ule mkono wa bahari unaotenganisha Deira na Bur Dubai. Tulibeba friji na viyoyozi mgongoni, tukavipeleka gatini kupakiwa majahazini. Kuvuka kwenda ng'ambo unapanda abra, mashua ndogo ya abiria, kwa dirham moja. Jioni nyingine nilivuka na kurudi bila shughuli yoyote, kwa sababu ile harufu ya maji ya chumvi na dizeli ilinikumbusha feri ya Likoni.

Mshahara wangu ulikuwa dirham 1,200. Kitanda 450, chakula 300, basi na kadi za simu 100. Zinabaki 350, ambazo kwa wakati ule ni chini kidogo ya shilingi 7,000. Hizo ndizo nilizokuwa na uwezo wa kutuma.

Je, mamangu alijua haya? Hakujua. Nilimwambia nafanya kazi ofisini. Ijumaa moja niliazima shati, nikapigwa picha mbele ya hoteli ambayo sikuwahi hata kukanyaga mlango wake, nikaituma nyumbani. Niliona namfurahisha mzazi, hakuna aliyeumia.

Basi simu zikaanza. Karo ya binamu. Mabati ya jikoni. Harusi ya fulani, nisaidie ukumbi. Nilikasirika, lakini nilikuwa na haki gani? Mimi mwenyewe ndiye niliyejitia ofisini, na mtu wa ofisini ataombwa kama mtu wa ofisini. Nikaanza kukopa kwa wenzangu wa chumbani, si kwa ajili ya shida, bali kuulinda uongo wangu.

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, ana wateja wake, anapata riziki yake ya halali. Aliiona ile picha. Mwaka wa 2008 akauza cherehani zake mbili, akakopa juu yake, akampa wakala mmoja aliyemwahidi kazi. Akaletwa kwa viza ya matembezi. Na viza ya matembezi, ndugu zangu, haikuruhusu kufanya kazi. Hakuna mwajiri aliyemngojea uwanja wa ndege. Nilimchukua mimi, nikamleta Naif. Akasimama mlangoni akatazama vile vitanda vinane, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, ofisi iko wapi?"

Sikuwa na jawabu. Tulitumia kitanda kimoja kwa zamu mpaka viza yake ikakaribia kwisha. Nikamkatia tikiti kwa pesa za kukopa. Alirudi na deni, na cherehani hana.

Ramadhan ya mwaka huo ilianza Septemba, na joto lilikuwa bado kali. Mmoja katika uzuri wa Dubai ni futari za misikitini. Busati hutandikwa nje, zikaja tende, maji, laban, harees na biriani, na hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Jioni moja nilikaa hapo, nimetoka kuzungumza na mtu wa nyumbani kwa simu. Mzee wa Kiomani aliyekaa kando yangu akanigeukia.

"Mwanangu, u mtu wa Mvita wewe?"

Alikuwa mzaliwa wa Unguja, jamaa zake waliondoka baada ya 1964. Kusikia Kiswahili kile safi moyo ukanilegea, nikamweleza yote, ya picha na ya ndugu yangu. Hakunikemea. Aliuliza neno moja tu:

"Mamako ajua unalala wapi?"

"Hajui, ami."

"Basi mpigie kabla ya tarawehe."

Nilimpigia. Nilimwambia habari ya kitanda, ya friji mgongoni, ya shati la kuazima. Alinyamaza mpaka nikadhani kadi imekwisha. Kisha akasema, "Kwa hivyo miaka miwili hii nimekuwa nikimwombea dua mtu mwingine?" Halafu akauliza, "Daku wala nini?"

Tangu nifike Dubai, ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumbani kuniuliza nakula nini. Na kosa halikuwa lao. Aliye ofisini nani atamuuliza amekula nini? Kutoka siku ile mamangu mwenyewe ndiye aliyewajibu wenye maombi. Nilituma kilichopo, tukalipa deni la ndugu yangu kidogo kidogo, na mwaka wa 2010 akapata cherehani moja tena.

Nisije nikaonekana naisema vibaya nchi ya watu. Mwaka wa 2009 Dubai ilifungua metro, na mwaka uo huo nchi ile ikaanza utaratibu wa mishahara kupitia benki, ili serikali ione nani analipwa na nani halipwi. Mwezi wa Ramadhan saa za kazi hupunguzwa mbili kila siku. Na mwaka wa 2011, Burj Khalifa likiwa limefunguliwa mwaka mmoja kabla, mufti mkuu wa Dubai alisema wanaoishi kuanzia orofa ya 80 wangoje dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya orofa ya 150 dakika tatu, kwa sababu wao bado wanaliona jua. Sisi wa busatini tulicheka: leo wa chini tumetangulia! Lakini lina mafunzo. Kila mtu anafuturu kwa pale alipo, si kwa pale anapotaka aonekane yupo.

Sasa wewe kijana unayejiandaa kwenda. Uliza viza ni ya aina gani kabla hujatoa hata shilingi. Mtazame wakala wako kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Jua kwamba kwa sheria ya huko, gharama za kukuajiri ni za mwajiri, na paspoti ni yako, si yake kuifungia kabatini. Mkataba usome, na nakala umwachie mzazi.

Wewe dada unayekwenda kazi za nyumbani, sheria ya Emirati imekupa siku moja ya mapumziko kila wiki, na haki ya kukaa na hati zako. Lakini wewe utakuwa ndani ya nyumba ya mtu, na sheria haipiti mlangoni ikakuangalia. Kwa hivyo jina la mwajiri, mtaa, nambari ya simu, yote yawe nyumbani kwenu, pamoja na nambari ya ubalozi mdogo wa Kenya ulioko Dubai. Ukidanganya mahali unapolala, siku ukipatwa na shida watakutafuta wapi? Mimi uongo wangu uligharimu cherehani. Wako unaweza kugharimu zaidi.

Na ninyi wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Mtoto akipiga simu, neno la kwanza lisiwe "umetuma?" Muulize amelala wapi, amekula nini, anaswali na nani. Akikwambia ukweli mchungu, usimwambie "mbona mtoto wa fulani amejenga?" Ukisema hivyo mara moja tu, hutausikia ukweli wake tena.

Leo usiku, wewe mwenye mtu wako Arabuni, mpigie kabla hujalala. Walio Dubai wako mbele yetu saa moja, basi usichelewe. Usimwombe kitu. Muulize tu daku atakula nini.