Okidi Chui: Mmea wa Matawini katika Bonde la Malagarasi na Ugalla



Nimeombwa nizungumzie mimea adimu ya ardhioevu ya mkoa wetu. Nimechagua mmoja tu, na wenyewe hauoti majini wala ardhini. Unakaa juu, kwenye panda za miti inayozunguka mbuga na kingo za mito. Wataalamu wanauita *Ansellia africana*. Hapa tuuite okidi chui, kwa sababu maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia, na anayeyaona mara moja hayasahau.

Wengi wetu tumeupita bila kuujua. Wakati hauna maua unaonekana kama fungu la vijiti vinene vya rangi ya manjano, kama muwa mwembamba uliopandwa kwenye mti na mtu asiye na shamba. Ukipanda ngazi ukausogelea, utaona mizizi ya aina mbili. Ipo iliyolishika gome kwa nguvu, na ipo mingine, myembamba na myeupe, iliyosimama wima ikitazama juu kama sindano zilizochomekwa kwenye mto wa fundi cherehani. Hiyo ya pili ndiyo kapu la chakula. Majani yanayodondoka kutoka juu hunasa humo, yakaoza, yakawa mboji, na mmea ukala. Mzizi mkavu ukiudondoshea maji, ule weupe hubadilika mbele ya macho yako ukawa kijani, kwa kuwa ganda lake hunywa maji kama sifongo.

Kwa hiyo nawaomba tuache kuuita mnyonyaji. Haugusi utomvu wa mti. Unaazima mahali pa kukaa tu, na chakula unajitafutia.

Kuzaliana kwake ndiko kugumu. Tumba moja hubeba mbegu nyingi mno, nyepesi kama vumbi, lakini mbegu hizo hazina akiba ya chakula ndani yake. Ili ichipue, mbegu lazima ikutane na kuvu wa aina inayofaa kwenye gome. Nyingi hazikutani naye. Fungu kubwa mnaloliona kwenye mti mmoja limechukua miaka mingi kufika hapo, na likiangushwa hatuna la kurudisha msimu ujao.

Sasa tuje kwenye njia yetu ya kale, maana nayo ilipita chini ya miti. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji tunaikumbuka kwa miembe, kwa tembe la Kwihara, na kwa wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu mabegani. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857, na Februari iliyofuata wakavuka Malagarasi kwenda Ujiji. Speke aliporudi na mwenzake Grant mwaka 1861, Grant alikuwa akikusanya mimea njiani. Mimea ya safari ile ilikuja kuelezwa katika chapisho la Linnean Society ya London miaka ya 1870. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, ikitaja vituo sita kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji. Nafurahi kwa hilo. Lakini urithi wa njia ile haukuwa kuta peke yake. Msafara ulipita chini ya miombo siku baada ya siku, na miombo ile ilikuwa na wakazi wake juu.

Ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi ilikuwa ya kwanza nchini kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, ikiwa na hekta 3,250,000. Mto Ugalla ulipata hifadhi ya taifa mwaka 2019. Tunapozungumzia maeneo haya tunataja nzohe, mamba, samaki na mafunjo. Mti wa kando ya maji tunautaja kama mbao au kuni. Kilicho juu yake hakitajwi.

Huko Florida, Marekani, kuna okidi ya vinamasi isiyo na majani kabisa. Mwaka 2007 ilionekana moja juu ya mti mkubwa katika hifadhi ya Corkscrew, na watu wakawa wanasimama kwenye daraja la mbao wakiitazama kwa darubini. Mmea mmoja tu! Sisi yetu tunaikanyaga.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeona. Kando ya Ugalla nilikuta gogo limeshapasuliwa mbao, na pembeni, kwenye vumbi la msumeno, fungu la okidi lenye upana wa ungo, mizizi imegeukia chini, vijiti vitatu vikiwa bado na matumba mabichi. Aliyekata alikuwa na kibali halali, na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Hali ni hiyo hiyo kwa kuni za mabani ya tumbaku, na kwa magome ya mizinga, maana mti uliochunwa gome kuuzunguka wote hufa, na mkazi wake hufa nao.

Okidi chui imeorodheshwa na shirika la uhifadhi la IUCN kuwa iko katika hatari, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kama ya okidi zote. Lakini orodha hiyo na mkataba huo havimfikii mwenye shoka. Kamati ya kijiji inamfikia.

Ombi langu ni safu moja zaidi katika fomu ya kuhesabu miti ya msitu wa kijiji: mti huu una okidi, au hauna. Wenye okidi upigwe alama ya rangi na usikatwe. Pale ambapo ni lazima ukatwe, fungu litolewe kwanza pamoja na kipande cha gome lake, lifungwe kwa kamba ya katani kwenye mti jirani wenye kivuli kama kile kile, mizizi ya sindano ikitazama juu. Kazi hiyo ifanyike Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Wafugaji nyuki wanaijua miti hiyo kuliko sisi wote, kwa hiyo naomba tuanze kuhesabu kwenye manzuki zao.