Saini Peke Yake Haitoshi

Amedeo Modigliani, mchoraji Mwitaliano mzaliwa wa Livorno, alifariki Paris mwaka 1920 akiwa fukara wa miaka 35. Mwaka 2015, picha yake ya mwanamke aliyejilaza uchi ilinunuliwa mnadani New York kwa dola milioni 170. Penye bei kama hiyo, matapeli hawakosi.

Mwaka 1984, vichwa vitatu vya mawe viliopolewa kwenye mfereji wa Livorno, na wataalamu mashuhuri wakashikilia kuwa ni kazi yake. Kumbe kimoja kilichongwa na wanafunzi kwa drili ya umeme. Wakachonga kingine mbele ya kamera za televisheni, ubishi juu ya kichwa hicho ukaisha. Mwaka 2017, maonyesho ya kazi za Modigliani mjini Genoa yalifungwa kabla ya siku yake, na kazi 21 zikakamatwa kwa tuhuma za kughushiwa.

Minada mikubwa huegemea orodha ya mtaalamu Ambrogio Ceroni yenye picha 337 za Modigliani, lakini naye alifariki mwaka 1970. Jicho la mtaalamu mmoja halitoshi. Rangi zipimwe maabara, turubai ipigwe eksirei, umiliki ufuatiliwe mkono kwa mkono. Mnunuzi asiyeonyeshwa ushahidi huo asitoe hata senti.